Moshi wa Islay
Moshi unaosikika katika wiski za kimea kitupu, zitokazo katika kiwanda kimoja bila kuchanganywa na za kwingine, kwenye kisiwa cha Islay, magharibi mwa Uskoti, huingia katika nafaka kabla pombe haijakenekwa, kwa kuwa kimea, yaani shayiri iliyoloweshwa ikachipua, hukaushwa juu ya moto wa piti, tabaka la mimea iliyooza nusu katika kinamasi kwa maelfu ya miaka, ambalo huchimbwa, likaanikwa na kuchomwa kama kuni. Moshi huo hubeba fenoli, kemikali za harufu kali zinazonata kwenye maganda ya punje zikiwa bado na unyevu, na kiasi chake hupimwa kwa sehemu katika milioni: kimea cha kiwanda cha Ardbeg hufikia takriban 55, na cha kiwanda cha Lagavulin takriban 35. Tarakimu hizo humpotosha anayezitegemea mno, maana ni za kimea, si za kinywaji. Sehemu kubwa ya fenoli hupotea katika ukenekaji, na nyingine hufifia katika mapipa ya mwaloni, ambamo sheria hutaka wiski ikae angalau miaka 3. Pua ni mwamuzi bora. Mwonjaji makini hunusa kwanza, mdomo ukiwa wazi kidogo, akakutana na iodini, lami, mwani na majivu, kisha huongeza matone machache ya maji, ambayo hupunguza ukali wa kileo, na utamu wa shayiri uliokuwa umefunikwa hujitokeza nyuma ya moshi, neema ambayo barafu, kwa kuutia ulimi ganzi, humnyima.