Jini hana hatia, mshitakiwa ni presha

Mtumishi wa umma anapoanguka ofisini, mdomo umepinda, mkono wa kuume umelegea kama kitambaa kilicholowa na maneno hayatoki, pana jambo ambalo aghalabu hutangulia kuitwa kwa daktari. Hutafutwa mchawi. Atakumbukwa mwenzake aliyekuwa akikimezea mate cheo chake, au jirani waliyegombania mpaka wa kiwanja. Mmoja atanong'ona kwamba ndugu yule katupiwa jini. Mwingine atasema kapitiwa na upepo mbaya. Saa zinakwenda. Hatimaye mgonjwa anapakiwa garini, na gari haliendi hospitali. Linakwenda kwa mganga.

Lau maneno hayo yangetamkwa na watu ambao hawakubahatika kuliona darasa, pangekuwa na udhuru. Lakini wanaoyatamka ni watu wenye stashahada na shahada. Miongoni mwao yumo mwalimu wa bayolojia ambaye asubuhi ya siku hiyo hiyo aliuchora moyo ubaoni, akaonyesha kwa chaki nyekundu njia ya damu kwenda ubongoni, na akamchapa mtoto aliyeshindwa kutaja jina la mshipa mkuu. Elimu aliyoigawa kwa wengine saa mbili asubuhi, saa nane mchana ameikana.

Kiharusi si fumbo. Ni ajali ya mshipa wa damu wa ubongo. Ama mshipa umezibwa na bonge la damu, ama umepasuka na damu imemwagika, na sehemu ya ubongo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo inaanza kufa. Ubongo wa kushoto huongoza mkono na mguu wa kulia, na kwa watu walio wengi ndio unaoongoza usemi. Ndiyo sababu aliyepooza upande wa kulia mara nyingi hupoteza na maneno. Iko dawa ya kuyeyusha bonge la damu, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na baada tu ya picha ya kichwa kuthibitisha kwamba hakuna mshipa uliopasuka. Hospitali zenye uwezo huo nchini ni chache. Hata hivyo zipo kazi nyingine ambazo hospitali ya kawaida huzifanya na ambazo huokoa roho, na ya kwanza ni ndogo mno: kupima kama mgonjwa anaweza kumeza. Koo la aliyepatwa na kiharusi huweza kupooza pamoja na mkono. Akinyweshwa kikombe cha mizizi iliyochemshwa, maji yale huingia mapafuni badala ya tumboni, na baada ya siku chache hufa kwa homa ya mapafu. Hapo ndipo watu husema jini lilikuwa kali.

Haki idai yake. Jamaa wanaokwenda kwa mganga hawaendi kwa ujinga mtupu. Wengi wamekwisha kumwona mgonjwa akilazwa, akateremshwa presha, akaruhusiwa kurudi nyumbani hali bado hawezi kushika kijiko, bila ya mtu wa kumfundisha upya kutembea. Mganga angalau huwakalisha kitako na kuwasikiliza. Lakini kusikilizwa hakuzuii kiharusi cha pili, na kiharusi cha pili ndicho hasa kinachongojwa na mtu asiyemeza vidonge.

Mshitakiwa wa kweli anajulikana kwa jina. Ni shinikizo la juu la damu, ambalo kila mtu huliita presha. Uchunguzi uliofanywa wilayani Hai na katika jiji la Dar es Salaam, matokeo yake yakatangazwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba, baada ya hesabu kusawazishwa kwa umri, wanaopatwa na kiharusi kwa mara ya kwanza kila mwaka ni kama 109 katika kila watu 100,000 huko Hai, na kama 316 Dar es Salaam. Kiwango hicho cha Dar es Salaam ni miongoni mwa vikubwa vilivyopata kuandikwa popote duniani. Je, majini yamehamia mjini? Au ni chumvi, unene, kazi ya kukaa kitini tangu asubuhi hadi jioni, na presha isiyopimwa?

Jibu lilikuwapo hata kabla ya hapo. Uchunguzi mwingine, uliotangazwa mwaka 2000 na uliofanywa katika wilaya ya Ilala na kijiji kimoja cha Hai, ulikuta presha kwa karibu watu wazima watatu katika kila kumi. Katika hao wenye presha, hawakufika hata mmoja kwa watano waliokuwa wakijua kwamba wanayo. Waliokuwa wakipata matibabu walikuwa kama mmoja kwa kumi. Waliokuwa wameidhibiti ikakaa chini ya kipimo cha 140 kwa 90 hawakutimia mmoja kwa mia. Mwaka 2012 taifa zima lilipopimwa, watu wa miaka 25 hadi 64, ilionekana kwamba kiasi cha mtu mmoja katika kila wanne ana presha. Katika chumba cha walimu chenye viti ishirini, hao ni watano.

Na hao watano hawajisikii vibaya hata kidogo. Hapa ndipo penye mzizi wa fitina. Presha haiumi. Namba ya kwanza ni nguvu ya damu moyo unapojikaza, ya pili ni nguvu iliyobaki moyo unapolegea. Zote mbili huweza kukaa juu kwa miaka kumi na mwenyewe akala, akacheza, akalala usingizi mnono. Wakati huo kuta za mishipa zinakakamaa, moyo unavimba kwa kusukuma mzigo, figo zinachujika vibaya, na nyuma ya macho vijishipa vinavuja. Maumivu ya kichwa ambayo wengi huyategemea kama kengele si kengele hata chembe. Mtu anayengoja kichwa kiume ndipo ameze kidonge cha presha anafanana na mlinzi anayengoja moshi utoke darini ndipo aende kuuliza nani kaacha moto jikoni.

Ujinga huu zamani ulikuwa na heshima ya kitaalamu. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alipopimwa mwezi Machi mwaka 1944 alikutwa na presha ya 186 kwa 108. Alikuwa na madaktari wa jeshi la majini la taifa lenye nguvu kuliko yote, na hawakuwa na dawa ya maana ya kumpa. Wapo mabingwa wa zama zile waliofundisha kwamba presha ya juu ni jambo la lazima kwa mishipa iliyozeeka, isiguswe. Tarehe 12 Aprili 1945 alilalamika kichwa, akaanguka, na presha yake ikapimwa ikapita 300 kwa 190. Mshipa wa ubongo ulikuwa umepasuka. Mkuu wa dola yenye manowari na mabomu alikufa kwa kukosa kile ambacho leo karani wa halmashauri anakitupa ndani ya mtoto wa meza.

Maana ushahidi ulikuja baadaye. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, madaktari wa hospitali za wanajeshi wastaafu huko Marekani walitangaza matokeo ya jaribio la watu 143 wenye presha kali. Kundi moja lilipewa dawa, jingine vidonge visivyo na dawa. Katika kundi lisilopata dawa yalitokea madhara makubwa 27. Katika lililopata, mawili. Tangu siku hiyo, anayesema kwamba presha haitibiki au kwamba dawa ni mradi wa wazungu hana budi kwanza azijibu namba hizo mbili, 27 na 2.

Badala ya kuzijibu, wasomi wamejitungia visingizio. Wapo wanaodai kwamba presha ni mawazo, na kwamba mwenye roho tulivu haipati. Hoja hiyo ni potofu. Wako watu wapole kama kondoo wenye 180 kwa 110, tena wengine wamezaliwa katika ukoo wenye nayo. Wapo wanaosema ni ugonjwa wa wakubwa wenye vitambi; basi na wauangalie uchunguzi wa Hai, ambako kijiji hakikupishana na mji kwa presha. Wapo waliovimba miguu walipoanza amlodipini, au waliokohoa walipoanza kaptoprili, wakaacha. Hayo ni kweli, madhara hayo yapo, nayo yanajulikana. Ndiyo maana ziko dawa za aina nyingine, zikiwamo za kukojoza na losatani, na daktari aliyeambiwa ukweli hubadilisha. Aliyenyimwa ukweli atabadilisha nini?

Lipo na lile linalosemwa kwa sauti ya chini, yaani hofu ya wanaume kwamba vidonge vitawanyang'anya nguvu za kiume. Baadhi ya dawa, hasa za zamani, huweza kulegeza. Lakini presha yenyewe huiharibu mishipa ile ile midogo ambayo shughuli hiyo inaitegemea, kwa hiyo anayetupa dawa kwa kulinda uanaume wake anaupoteza kwa njia ndefu zaidi na yenye machela mwishoni.

Nyuma ya visingizio hivyo wamejipanga walanguzi wa maradhi. Zamani mlanguzi alificha sukari na sabuni. Huyu wa sasa anauza chupa ya maji ya kahawia stendi ya mabasi na kwenye simu za watu, akiapa kwamba presha itaondoka kabisa kwa siku ishirini na moja. Kwa walio wengi presha haiondoki. Hutawaliwa. Chumvi ikipunguzwa isizidi gramu 5 kwa siku, ambazo hazijai kijiko cha chai, ikiwamo iliyojificha katika vile vipande vya viungo vya mchuzi. Mwili ukipunguzwa uzito. Pombe na sigara zikiachwa. Miguu ikitembezwa: presha itashuka, na baadhi ya watu hawatahitaji vidonge. Wengine watavihitaji kila siku maisha yao yote, kama vile mtu anavyohitaji miwani. Mlanguzi anamwambia mteja aache vidonge vya hospitali ili dawa yake ifanye kazi. Presha inapopanda ghafla na mtu akaanguka, mlanguzi hayupo tena stendi.

Mama mjamzito anastahili kutajwa peke yake, kwa sababu kwake hakuna miaka kumi ya kungoja. Baada ya wiki ya ishirini ya mimba presha ikipanda, pamoja na kuumwa kichwa sana, kuona vimulimuli, na maumivu juu ya tumbo, kifafa cha mimba kiko mlangoni. Sindano ya magnesiamu salfeti huzuia degedege lile na kulikatisha likianza. Lakini pengine familia humwona mama akitupa mikono, ikaagiza ubani. Na dawa kama kaptoprili na losatani, ambazo ni nzuri kwa wengine, humdhuru mtoto aliye tumboni. Mwalimu wa kike anayezitumia amwambie daktari mapema kabla hajashika mimba.

Nchi hii imekwisha kuonyesha kwamba hayo yanafundishika. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, mbele ya redio, wakajifunza juu ya malaria, kichocho na kuhara, kisha wakainuka wakachimba vyoo. Viongozi wa vikundi vile wengi hawakuwa na shahada yoyote. Walikuwa na kijitabu, redio ya betri na ari. Leo msomi ana simu yenye maktaba nzima ndani yake, naye anaitumia kusambaza habari ya kitunguu saumu kinachozibua mishipa kwa usiku mmoja.

Lawama isiishie kwa mgonjwa. Mtumishi wa umma hukatwa bima ya afya kila mwezi kabla hajauona mshahara, na kliniki ya presha humtaka aende siku ya kazi. Sasa wako wakuu wa shule na wakuu wa idara ambao humwomba aliyeomba ruhusa ya saa tatu aandike barua, aeleze anaumwa nini, kisha humwangalia toka kichwani hadi miguuni na kumwambia mbona haonekani mgonjwa. Haonekani, ndiyo, hiyo ndiyo tabia ya ugonjwa wenyewe. Mwezi wa kwanza ataibia muda aende. Mwezi wa tatu atachoka kudhalilishwa, na dawa zikiisha hazitaongezwa. Siku akianguka, mkuu huyo huyo atatoa gari la ofisi, mafuta, na mchango wa kwanza wa matibabu, na katika maziko atasoma wasifu.

Zahanati nazo zina hesabu ya kutoa. Mtu mzima aliyekuja kwa kikohozi aondokeje bila kufungwa kile kitambaa mkononi? Kupima kunataka mgonjwa aketi dakika tano, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, asiseme neno, na kitambaa kitoshe unene wa mkono. Kikizidi kubana, namba hudanganya. Akikutwa juu, arudi siku nyingine apimwe tena, asiandikiwe maradhi ya maisha kwa kipimo kimoja cha mtu aliyepanda kilima mbio, isipokuwa namba zimepanda kupita kiasi.

Mashine ya kupimia, hata ile ya betri iliyothibitishwa kuwa sahihi, haizidi bei ya viti vya plastiki vinavyokodishwa na kununuliwa kila palipo na mahafali. Shule inayoweza kununua viti inaweza kununua mashine, ikaiweka katika chumba cha walimu, juu ya meza ile ile ya daftari la mahudhurio, na kila anayetia saini Jumatatu asubuhi akaketi dakika tano kwanza.