Afya ya Jamaa: Vita Haviui kwa Risasi Peke Yake



Tukisikia neno vita, mara moja twafikiri bunduki na mizinga. Ukimwuliza mtu ni kitu gani kilichoua watu wengi katika vita vya Kivu, atajibu upesi: risasi. Jibu hilo laonekana kuwa sawa, walakini si kamili. Nyuma ya kila jeshi hufuata jeshi la pili, lisilovaa sare wala kupiga kelele: malaria, kuhara, surua, homa ya mapafu na njaa. Jeshi hilo la pili haliwatafuti askari. Humtafuta kwanza mtoto aliye mgongoni mwa mama yake.

Tutoe ushahidi. Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka kwa mamia ya maelfu. Wengine walivuka mto Ruzizi wakaingia Bukavu. Wengi zaidi walikwenda Goma. Huko Goma, katika mwezi wa kwanza tu, walikufa watu wapatao 50,000, na wauaji wakubwa walikuwa kipindupindu na kuhara damu. Watu hao walikuwa wamekwisha kuponea vita. Waliinama kunywa maji machafu, wakafa. Tena, baada ya vita vya pili kuanza Agosti 1998, watumishi wa shirika la International Rescue Committee walipita nyumba kwa nyumba mashariki mwa Kongo, wakiuliza ni nani aliyekufa na kwa sababu gani. Wataalamu wabishana juu ya hesabu ya jumla, lakini jambo moja lilidhihirika: wengi mno walikufa kwa magonjwa ambayo wakati wa amani hutibika kwa dawa za bei ndogo.

Basi, ni nani aulindaye mji na jeshi hilo la pili? Si daktari mkuu peke yake. Ni utaratibu mdogo mdogo wa kila siku, ulio karibu na mlango wa nyumba yako.

Nchi yetu ilianza mapema kuujenga utaratibu huo. Katika miaka ya 1970, huko Kasongo katika Maniema, madaktari walishirikiana na Taasisi ya Tiba ya Antwerp kujaribu njia mpya: hospitali moja izungukwe na vituo vya afya vilivyo karibu na watu, na kila kituo kiwajue watu wake. Katika miaka ya 1980 nchi nzima, iliyoitwa Zaire wakati ule, iligawanywa katika zoni za afya 306. Baadaye zikaongezwa zikawa 519. Mji wa Bukavu una zoni tatu, zenye majina ya makomini yake: Ibanda, Kadutu na Bagira.

Faida ya utaratibu huo ni kwamba hauna kichwa kimoja kinachoweza kukatwa. Njia ya kwenda Kinshasa ikifungwa, muuguzi wa kituo bado ajua ni mama yupi karibu kujifungua, ni mtoto yupi hajamaliza chanjo, na ni kisima kipi kilicholeta ugonjwa mwaka jana. Mambo hayo yameandikwa katika daftari lake.

Mtihani ulikuja. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, katika milima ya Uvira, ilishambuliwa. Wagonjwa waliuawa vitandani, na wauguzi pamoja nao. Daktari Denis Mukwege, aliyekuwa mkuu wa hospitali hiyo, aliokoka. Mwaka 1999, vita vikiendelea, alianzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu, akisaidiwa na kanisa lake la Kipentekoste. Nia yake ya kwanza ilikuwa kuwaokoa akina mama wanaokufa wakizaa. Lakini vita vilimletea wanawake waliobakwa na kujeruhiwa, naye akawapokea. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018.

Twashukuru kwa kazi hiyo kubwa. Lakini tusisahau kazi isiyopata tuzo. Chanjo nyingi hutaka baridi ya digrii 2 hadi 8, si zaidi wala si chini. Umeme ukikatika, lazima mtu akumbuke mafuta ya taa, au barafu, au mwanga wa jua. Muuguzi afunguaye friji asubuhi na jioni, akasoma kipimajoto na kuandika namba katika daftari, analinda watoto wa mtaa mzima, wala hakuna ampigiaye makofi. Mwezi wa Juni 2004 mji ulitekwa kwa siku chache. Mwezi wa Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia, na ghala za chakula ziliporwa. Je, siku hizo uchungu wa kuzaa ulingoja hata mji utulie? La, hasha! Watoto walizaliwa, na homa ilipanda usiku kama kawaida. Mlango wa kituo ulipofunguliwa, mji ulikuwa hai. Ulipofungwa, jeshi la pili liliingia.

Labda msomaji atasema: haya ni mambo ya nchi maskini. Hebu tutazame Uingereza wakati wa vita vikuu vya pili. Kila manispaa ilikuwa na daktari wake wa afya ya watu, pamoja na wakaguzi wa usafi, na wauguzi waliotembelea mama na watoto nyumbani. Kila mwaka daktari huyo aliandika ripoti: watoto wangapi wamezaliwa, wangapi wamekufa, maji ni safi au sivyo. Mabomu yalipoanguka tangu 1940, ripoti zilifupishwa kwa uchache wa karatasi na wa watu, lakini kazi ya kuhesabu haikuachwa. Tena, katikati ya mabomu hayo walianza kuwachanja watoto wa nchi nzima wasipatwe na dondakoo, ugonjwa unaoziba koo la mtoto hata akose pumzi. Mwaka 1940 dondakoo iliua watu zaidi ya 2,000 katika Uingereza na Wales. Mwaka 1945, vita vilipokwisha, vifo vilikuwa chini ya 1,000. Mwaka 1957 havikufika hata 10. Hawakungoja amani ndipo waanze. Walianza vita vikiwa vinanguruma.

Nasi Kongo tuna mfano wetu. Mwaka 1999 Umoja wa Mataifa, chini ya Katibu Mkuu Kofi Annan, uliwaomba wapiganaji wasimamishe vita kwa siku chache, ili watoto wapewe chanjo ya polio. Wakakubali, na mamilioni ya watoto walitiwa matone mdomoni. Watu walioshindwa kupatana juu ya mipaka na madini walipatana juu ya mtoto. Yafaa tulikumbuke neno hilo kila tunapoambiwa kwamba mapatano hayawezekani.

Sasa, baba na mama, sehemu yenu ni ipi? Ni hii.

Kwanza, kadi ya chanjo ya mtoto. Jamaa nyingi zikikimbia hubeba godoro na sufuria, kadi ikabaki ukutani. Itieni katika mfuko wa plastiki, iwe tayari pamoja na karatasi nyingine za maana. Mahali mtakapofika, muuguzi ataisoma na kuendelea pale mlipoishia.

Pili, maji. Mabomba yakikauka, wengi hushuka ziwani na ndoo. Maji ya ziwa ni mazuri kwa macho, lakini yasinywewe kabla ya kuchemshwa au kutiwa klorini. Nanyi wanafunzi, mkitumwa maji, ndoo iwe safi na yenye kifuniko.

Tatu, kuhara. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutia mishipani katika kambi ya wakimbizi. Akawanywesha wagonjwa maji yenye sukari na chumvi, na ndugu zao wakafundishwa kuwanywesha. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hata chini ya 4. Dawa hiyo yaweza kutengenezwa jikoni: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote viwe vya usawa, visifurike. Mgonjwa anywe kidogo kidogo, huku akipelekwa kituoni. Msikae nyumbani mkingoja.

Nne, mwambieni muuguzi ukweli. Mtu akifa nyumbani, au watoto watatu wa uani wakiugua pamoja, mpasheni habari reko wa mtaa wenu. Ugonjwa usioandikwa hauwezi kupigwa vita.

Na wenye mamlaka je? Wao pia wana sehemu yao, tena kubwa. Wauguzi wengi wa nchi yetu hupata mshahara mdogo sana wa serikali, au hawapati kabisa, nao huishi kwa fedha alipazo mgonjwa. Vita vikiwafukarisha watu, mama hukosa fedha, naye muuguzi hukosa chakula. Hivyo wote wawili huachwa peke yao siku ile wanapohitajiana zaidi. Mwenye kutawala mji, awe nani, asipomlinda muuguzi na kumlipa, ameliachia jeshi la pili mlango wazi.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Hatuwezi sisi kusimamisha mizinga. Lakini ufa ulio mbele ya nyumba zetu twauona, na udongo wa kuuziba tunao mikononi. Jioni ya leo, kabla ya kulala, itafuteni kadi ya mtoto.