Msahaulifu si mvivu

Huenda nyumbani kwako yuko kijana anayeugua skizofrenia. Ametoka wodini, hasikii tena sauti zisizokuwapo, na jamaa wote mnashukuru. Kisha unamtuma sokoni Keroka: anunue chumvi, sabuni na mafuta ya taa, na apitie kwa shangazi yake. Anarudi na chumvi tu. Unamkaripia kuwa ni mvivu.

La hasha! Ugonjwa huu hudhoofisha uwezo wa kujifunza na kukumbuka maneno anayoambiwa mtu. Dawa hutuliza zile sauti, lakini haziponyi usahaulifu huo. Isitoshe, tembe za Artane, ambazo hutolewa kupunguza mtetemeko uletwao na dawa nyingine, zaweza kuuzidisha. Usizikatize mwenyewe, muulize daktari kama bado zinahitajika.

Wala usimsake mchawi. Kule Marani, Kisii, mnamo Oktoba 2021, wanawake wanne waliuawa na umati kwa kushukiwa kuwa wachawi. Hakuna mgonjwa aliyepona kwa njia hiyo.

Mpe agizo moja kwa wakati mmoja. Mwambie alirudie kwa kinywa chake. Mengine mwandikie kwenye karatasi. Dawa azimeze saa ile ile kila siku, au uulizie sindano ya kila mwezi.

Nasi madaktari, Kisii na Nyamira, tusimmiminie mgonjwa maagizo kumi kwa dakika mbili, kisha tumlaumu kwa kukosa kurudi kliniki. Tumwandikie, na tumwite pia anayemtunza.