Mama, Hesabu Wati Kwanza

Likizo kubwa ni wakati wa vijana kukusanya kompyuta kwenye nyumba moja, kuziunga kwa waya na kucheza pamoja mpaka usiku. Mtoto akikuomba jenereta, keti naye mhesabu.

Wati zimeandikwa nyuma ya mashine au kwenye chaji. Laptopu 6 za wati 65 ni 390. Televizio 2 za wati 60 ni 120. Weka 40 za taa na kisanduku cha mtandao: jumla 550. Jenereta ya wati 800 inatosha, maana haifai kuibebesha mzigo wake wote. Lakini pasi moja ya wati 1000 inaishinda. Siku hiyo nguo zipigwe mapema, kwa makaa.

Ralonji isichomekwe juu ya ralonji nyingine, wala isikae imekunjwa. Ukigusa waya ukasikia joto, zima.

La mwisho ndilo kubwa. Jenereta isiwashwe ndani wala barazani, hata mvua ikinyesha, hata ukiogopa wezi. Moshi wake una kaboni monoksidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtoto anaumwa kichwa, anatapika, kisha analala asiamke. Iwekwe hatua 10 kutoka mlango na madirisha, moshi uelekee mbali na nyumba. Mafuta yaongezwe ikiwa imezimwa na kupoa.

Mvua isipokoma, mchezo ungoje kesho. Watoto watanuna, lakini asubuhi wataamka.