SAUTI YAKO INASEMA NINI?



Juma lililopita kijana wangu alirudi nyumbani saa mbili usiku. Nikamuuliza, "Ulikuwa wapi?" Maneno mawili tu. Akajibu, "Hapo tu," akapita, akaenda kulala bila kula.

Baadaye mama yake akanieleza kwamba mtoto alikuwa ameketi na rafiki yake aliyefiwa na baba. Kisha akasema, "Baba, ile sauti ya madhabahuni uwe unaiacha kanisani." Nilinyamaza. Mimi nilidhani nimeuliza swali, kumbe kijana alisikia hukumu.

Asubuhi nilimwomba msamaha. Nikaketi kando yake, nikauliza tena maneno yale yale mawili, kwa upole. Tuliongea mpaka chai ikapoa.

Mpendwa, soma Waamuzi 8, kisha Waamuzi 12. Watu wa Efraimu walimjia Gideoni kwa ukali, wakilalamika kwamba hakuwaita kupigana na Wamidiani. Gideoni alikuwa mshindi, angeweza kujibu kwa kiburi. Badala yake alijishusha, akawasifu, na hasira yao ikatulia. Miaka mingi baadaye Waefraimu wakamletea Yeftha lalamiko kama lile, wakaongeza na tisho la kumchomea nyumba. Yeftha akajitetea, na alikuwa na hoja. Lakini hakuwa na neno hata moja la kutuliza. Vita vikazuka, wakafa Waefraimu 42,000.

Sisemi kosa lilikuwa la Yeftha peke yake. Nasema kuwa na haki peke yake hakutoshi.

Ndiyo maana sikubaliani na ndugu anayejisifu, "Mimi ni mtu wa ukweli, ndivyo nilivyo." Ukweli ni chakula. Ukimtupia mtu chakula usoni hatakila, hata kiwe kitamu namna gani.

Tena si kweli kwamba ndivyo ulivyo. Mkubwa wako wa kazi akipiga simu, sauti yako huwa asali. Ukikata simu, kwa mkeo inageuka pilipili. Kwa dada wa kazi, kwa kondakta aliyechelewesha chenji, pilipili vilevile. Basi kumbe unaweza! Shida si koo, shida ni nani unayemhesabu kuwa mtu wa maana.

Na hizi jumbe za simu? Unaandika "Sawa" ukiwa na amani, mwenzako anaisoma kama umenuna. Maandishi hayabebi sauti. Hata mtume Paulo, katika Wagalatia 4:20, alitamani awe nao ana kwa ana abadilishe sauti yake. Jambo zito usiliandike usiku ukiwa na hasira. Ngoja kupambazuke, piga simu, au mwendee.

Leo jioni, kabla hujafungua mlango wa nyumba yako, simama kidogo. Vuta pumzi. Jiulize, "Watoto wakisikia sauti yangu, watakimbilia kwangu au watakimbilia chumbani?" Na kama kuna mtu uliyemuumiza kwa sauti, mrudie. Muulize tena, mara hii kwa upole.

Omba nami: Bwana, umeniokoa moyo, okoa na sauti yangu. Nyumbani kwangu wasikie upendo kabla hawajasikia maneno. Katika jina la Yesu, amina.

Ubarikiwe.