Kipara Hakina Dhahabu

Mwaka 2017, wilayani Milange huko Msumbiji, wanaume wenye vipara waliuawa kwa imani kwamba kichwani mwao mna dhahabu. Sisi wa kando ya Ziwa twaujua uongo wa namna hii: uliwaua ndugu zetu wenye ualbino.

Upara ni urithi, wa upande wa baba na wa mama pia. Homoni ya kiume hudhoofisha mashina ya nywele. Huota nyembamba, mwisho hazioti. Hauambukizi, wala si uchawi. Dawa ya kupaka, minoksidili, husaidia baadhi ya watu, lakini ukiiacha nywele hupukutika tena. Basi, usiuze mbuzi kwa dawa za wachuuzi. Na ukisikia mnong'ono wa dhahabu juu ya mzee jirani, usinyamaze: mjulishe mwenyekiti wa kijiji.