Kesho Yangu Si Mkeka Wako

Hapa Katubuka, ndugu msomaji, kijana asiyejua kusuka mkeka ni wa kutafuta kwa tochi. Sisemi ule wa ukindu wa bibi. Nasema ule wa Jumamosi: timu kumi, buku moja, na ndoto ya milioni. Aliyemwamini Simba Desemba 2018, alipokutana na Mashujaa wetu wa mwisho wa reli katika Kombe la Shirikisho, anajua mkeka unavyochanika. 3-2, tena Mnyama akiwa kwao Dar!

Kwa hilo sina ugomvi mkubwa. Ipo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, ipo Bodi, zipo leseni, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi (kwenye karatasi, maana vijiweni nawaona). Timu ikifungwa, hakuna anayehama nyumba.

Ugomvi wangu ni na wasomi wa kijiweni wanaonionyesha simu: "Kaka, Marekani watu wanabeti mpaka uchaguzi, na mahakama imeruhusu!" Kweli, mwaka 2024 kampuni ya Kalshi iliishinda mamlaka ya serikali mahakamani, ikafungua dau la uchaguzi. Eti ile si kamari, ni soko la utabiri. Tiketi itakayolipa dola moja ikiuzwa senti 70, basi jambo lenyewe lina nafasi 70 katika 100. Elimu hiyo, tuwapishe!

Haya, tuifuate hesabu yao. Januari 2025 Los Angeles inaungua, na kwenye Polymarket watu wanaweka fedha kubashiri moto utakula ekari ngapi. Hebu lihamishie dau hilo hapa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda, na huku kwetu maji ya bwawa yakazingira nyumba za watu. Mama amebeba godoro kichwani, watoto nyuma, na jamaa mmoja aliyeko sijui wapi anaomba mvua iongezeke ili mkeka wake utiki. Huyo ndiye mtabiri? Tunalo jina lake hapa mtaani, ila mhariri atalikata.

Waingereza, ambao hawakuwa malaika, waliliona hili mwaka 1774. Watu walikuwa wanakata bima za maisha ya wasiowahusu, kisha wanakaa kungoja wafe. Bunge lao likakataa: kama huna maslahi katika uhai wa mtu, usiuwekee fedha. Kipimo hicho ndicho nikitakacho kwenye sheria yetu kabla masoko haya hayajabisha hodi. Leseni inatuambia nani alipe kodi. Haituambii ni nyumba ya nani inayochezewa.

Nanyi waandishi wenzangu mnaoimba kwamba bei haidanganyi, mnataka kujua maji yatafika wapi msimu ujao? Njooni na daftari. Alama ziko kwenye kuta, na wenye kuta hawatawatoza hata senti moja.